Ramani ya Vita vya Kuigiza

Ukisimama Kiboko asubuhi ambapo mawingu yamejitenga, utauona Kilimanjaro upande wa kusini, kilele chake cheupe kikielea juu ya nyika. Mashariki ya mlima huo iko Taveta, na karibu na Taveta kiko kilima kiitwacho Salaita. Si kirefu, msafiri asiyeambiwa hukipita asikitazame. Lakini tarehe 12 Februari 1916 watu wengi walikifia.

Wanafunzi wa historia hupenda kuliigiza pigano hilo uwanjani, na kabla ya kuigiza huchora ramani. Nataka, msomaji, tuzipime ramani hizo kama tupimavyo kitabu: tuseme uzuri wake, kisha tusifiche ila yake.

Uzuri wake ni kwamba humlazimisha kijana kutazama. Katika ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500, na kilima chote chafunikwa kwa kidole gumba. Basi mchoraji hana budi kuikuza. Akiamua kwamba kila kilomita ya nyika itakuwa mita 50 za uwanja, atahesabu hatua, atashika dira, atasoma mistari ya kontua, atapiga mistari kwa chokaa, na atasimika matawi mahali pa vichaka. Aliyefanya hivyo ameijua ardhi kuliko aliyekariri tarehe tu.

Ila ya kwanza ni kwamba ramani hizo hujua mno. Nakiri kosa hili lilikuwa langu. Mwaka wa kwanza niliwapa wanafunzi wa pande zote mbili ramani moja, yenye kila handaki. Jemadari wa washambuliaji aliitazama, akazunguka, akashinda kabla jasho halijamtoka. Wanafunzi wakacheka. “Mwalimu,” wakauliza, “mbona wazee wale walikuwa wajinga hivi?”

Sikuwa na jibu siku ile, lakini jibu lipo. Wajerumani waliishika Taveta tangu Agosti 1914, na Salaita ilikuwa ngome yao ya mbele. Jeshi lao, ambalo wengi wao walikuwa askari Waafrika, lilizidi watu 1,000. Waingereza walidhani wamo kama 300 tu, na kwamba mahandaki yao yako juu kilimani. Mizinga ikapiga kilele. Kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, yamefichwa na miiba. Askari wa Afrika ya Kusini, waliofika nchini karibuni, waliingia katika risasi wasijue zatoka wapi. Wakarudi nyuma, nao Wabaluchi kutoka Uhindi wakawazuia adui wasiwafuate. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakuwa wajinga, walikuwa na ramani nyingine.

Kwa hiyo ramani ya kuigizia haiwi moja, bali tatu. Ya kwanza ni ya washambuliaji, yenye yale tu waliyoyaamini siku ile, hata kama ni ya uongo. Ya pili ni ya walinzi. Ya tatu, yenye kweli yote, akae nayo mwamuzi. Mwaka uliofuata nilifanya hivyo. Washambuliaji walikwenda mbio kuelekea kilele, na filimbi ikalia walipokuwa bado chini: “Mmekufa.” Hakuna aliyecheka.

Ila ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya kunyamaza. Ramani hizo hujaa mishale myekundu na ya buluu ya askari, lakini maji hayamo, wala mpagazi hayumo. Nyika kati ya Voi na Taveta ni kavu kama yetu ya Kiboko, na mtoto wa huku hahitaji kufundishwa thamani ya debe la maji. Ndiyo maana mwaka 1915 Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta. Vita vilipovuka mpaka na kuendelea hadi Novemba 1918, mizigo ilipanda vichwani mwa watu. Hesabu ya serikali yenyewe, kwa upande wa Waingereza, ilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Watu wa Ukambani walikuwamo.

Nilipoutia ufunguo wa ramani alama ya mpagazi, nikaagiza kila debe libebwe kutoka ukingo wa uwanja, hakupatikana aliyeitaka kazi hiyo. “Mpagazi hapigani,” walisema, “basi hachezi.” Nikawaambia kwamba debe lisipofika, mwamuzi ataliondoa jeshi zima kwa kiu. Ndipo wakabeba kwa zamu, na majemadari pia.

Wako wasemao kwamba kuigiza vita ni kuwadhihaki waliokufa. Neno hili si la kupuuzwa. Mchezo ambao ramani yake huwafanya wafu wapumbavu, na kuwafuta waliobeba, ni dhihaka kweli. Lakini mchezo unaomweka kijana mahali pao, na ujinga wao na kiu yao, ni namna ya kuwaheshimu.

Basi, msomaji, utakapopewa ramani ya vita vyovyote, iwe ya uwanjani au ya kitabuni, iulize maswali matatu. Nani aliyajua haya siku ile? Maji yalitoka wapi? Nani aliyabeba? Ikishindwa kujibu, chukua kalamu uimalizie.