Tarumbeta ya Knox na Wito wa Debora

Mjadala juu ya nafasi ya wanawake katika uongozi wa Makanisa ya Kipresbiteri kwa kawaida huanzia katika nyaraka za Mtume Paulo. Katika makala hii tunakusudia kuutazama kupitia kijitabu ambacho John Knox, kiongozi wa matengenezo ya Kanisa huko Uskoti, alikitoa mwaka 1558 bila kutia jina lake. Kichwa chake chaweza kufasiriwa kuwa ni mlio wa kwanza wa tarumbeta dhidi ya utawala wa wanawake. Knox hakuandika juu ya mimbari. Aliwalenga malkia wa siku zake, hasa Mary Tudor wa Uingereza, aliyewatesa Waprotestanti. Hata hivyo, hoja za namna hiyo zimesikika mara nyingi katika vikao vya Kanisa.

Knox anaanza na maumbile, akimtegemea Aristotle. Kisha anaingia katika Mwanzo 3 na maagizo ya Paulo, na hatimaye anawaita mababa wa Kanisa wamshuhudie. Ni haki kukiri kwamba anayachukulia Maandiko kwa uzito, na wale ambao hata leo wanasita kwa ajili ya 1 Timotheo 2 hawastahili kubezwa.

Udhaifu wake waonekana anapowafikia Debora na Hulda. Hawezi kukana kwamba Mungu aliwainua. Anajibu kwamba Mungu aliwaondoa katika sheria ya kawaida kwa neema ya pekee, na kwamba jambo la pekee haliwi kanuni. Lakini ikiwa Mungu aliwahi kufanya hivyo, ni nani atakayepima kama anafanya hivyo tena? Knox anatoa hukumu kabla ya kumsikia mwitwa. Calvin, ambaye hakupendezwa na kijitabu hicho, alimwandikia William Cecil kwamba utawala wa mwanamke ni kuacha utaratibu wa asili, ingawa Mungu huwajalia baadhi yao. Basi hata yeye mwenye upole zaidi alimwacha Debora mahali pale pale: mgeni anayevumiliwa.

Mwaka 1963 shemasi Mary Lusk alilipeleka ombi mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti. Uzito wa ombi hilo u katika namna lilivyowekwa. Alidai kwamba Mungu amemwita katika huduma ya Neno na Sakramenti, akaliomba Kanisa liupime wito huo. Hakuomba afanyiwe upendeleo. Kanisa hilo liliwafungulia wanawake uzee wa Kanisa mwaka 1966 na uchungaji mwaka 1968. Yeye mwenyewe alibarikiwa mwaka 1978. Katika Afrika Mashariki, Nyambura Njoroge alibarikiwa mwaka 1982 kuwa mchungaji wa kwanza mwanamke wa Kanisa la Presbiteri.

Lakini historia ya Australia yatuonya. Kanisa la Presbiteri la huko lilikubali kuwabariki wanawake mwaka 1974. Mwaka 1977 sehemu kubwa ya washirika wake iliingia katika Kanisa la Muungano, na mwaka 1991 waliobaki waliufuta uamuzi huo, ingawa waliokwisha kubarikiwa hawakuvuliwa huduma yao. Kilichotolewa kwa kura kiliondolewa kwa kura.

Sisi Walutheri hatuwezi kuyasoma haya kama habari za jirani. Kanisa la Kilutheri la Latvia, lililowabariki wanawake tangu 1975, liliacha kufanya hivyo mwaka 1993, na mwaka 2016 likaliweka zuio hilo katika katiba yake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikubali huduma ya wanawake mwaka 1990. Je, tulikubali kwa sababu gani? Ikiwa ni kwa kuwa nyakati zimebadilika, au kwa kuwa Debora naye alikuwapo, tumejenga juu ya msingi ule ule wa Knox, na nyakati zaweza kubadilika tena. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, ladai kwamba afundishaye hadharani awe ameitwa kwa utaratibu. Basi kila wito hauna budi kusikilizwa na kupimwa kwa Neno, kwa karama na kwa kibali cha usharika, awe mwitwa ni mwanamume au mwanamke. Mlango unaofungwa kabla ya upimaji huo wamfungia nje, pamoja na mwanamke, Yeye aliyemtuma.