Mfasiri hakumuuliza fundi

GILGIL ina baridi yake. Mji uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukilala huko mwezi Julai utaijua. Kwa hivyo sikushangaa jamaa yangu anayejenga ghorofa pale alipoamua kupitisha mabomba ya maji moto chini ya sakafu ya vyumba vya juu. Kilichonishangaza ni karatasi ya maelekezo, ya Kiswahili, iliyokuja na vifaa hivyo. Fundi alinipigia simu: "Prof, hawa watu wanataka nipambe chuma ama?"

Nilienda nikaisoma. Kichwa kilisema: "Kufunga sakafu ing'aayo juu ya utengano mgumu na mapambo ya metali." Hayo "mapambo" yalikuwa mabati mazito yenye migongo, yanayobeba ghorofa. "Utengano mgumu" ni vibao vya povu gumu, ndugu wa lile jeupe linalokinga televisheni mpya ndani ya katoni; kazi yake ni kuzuia joto lisishuke kwenye bati likapotelea chini. Na sakafu yenyewe haing'ai. Inatoa joto, basi.

Hayo ni ya kucheka. Mengine yaligharimu pesa. Karatasi iliagiza: "Kaza parafujo sana mpaka utengano ushikwe." Fundi akakaza. Vibao vikabonyea, mbao zilizolazwa juu yake zikawa na mawimbi, na kazi ya siku nzima ikafunguliwa upya. Kiswahili kina kufunga, kukaza, kubana, kugongomea na kushikiza, na mshonaji yeyote atakueleza kwamba kushikiza si kukaza. Povu linataka kushikizwa: skrubu ndefu ipenye mbao na povu, iume bati, iachiwe hapo. Mfasiri aliokota kitenzi kimoja akatembea nacho.

Mbaya zaidi ni hii: "Weka parafujo safi kwenye bomba." Kiingereza chake, nilichokitafuta baadaye, kilitaka skrubu zikae mbali na bomba. Bahati nzuri fundi aligoma. "Nikitoboa hiyo, maji itashukia watu wa chini, na mimi ndiye nitalipa."

Nikajitolea kuandika upya, kwa majivuno ya mtu aliyefundisha tafsiri miaka mingi. Nikaweka kihamijoto, mnururisho na parafujo. Fundi akasoma polepole, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kihamijoto ndiyo hii povu?" Ndiyo. "Si ungeandika povu?" Sikuwa na jibu. Sipuuzi istilahi, bila hizo fizikia haitafundishwa kwa Kiswahili. Lakini karatasi inayoshikwa kwa mkono wenye saruji si kitabu cha fizikia.

Kinachoniuma ni kwamba neno letu la kila siku lilishaijua kazi hii. Sakafu limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni paa au dari. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, waashi walipanga boriti za mikoko, wakatandaza mawe na chokaa, kisha wakaipigapiga kwa vijiti huku wakiimba mpaka ikashikana. Aliyekuwa chini aliiita dari yake. Aliyekuwa juu aliikanyaga. Bati la Gilgil linafanya vivyo hivyo. "Bati la sakafu" lingemtosha mfasiri, naye akaenda kutafuta mapambo.

Fundi alipendelea "bati ya slabu", tukaandika hivyo. Nilipofika kwenye bomba akanizuia tena: "Bomba ni ile ya kupiga viazi dawa. Andika paipu." Nikaandika: "Skrubu isiguse paipu. Jaza paipu maji kabla ya kufunika, uangalie geji. Ikishuka, kuna tundu." Akaibandika ukutani kwa gundi.