Redio ya Gari Ipimwe Ikiwa Kimya

Maduka ya redio za magari huuza kwa kelele. Ukiingia Kariakoo upande wa Gerezani, au Luthuli Avenue kule Nairobi, muuzaji atachomeka flashi yake mwenyewe yenye wimbo anaoujua, atafungulia sauti mpaka vioo vya kabati vitetemeke, kisha atakugeukia: "Umeisikia hiyo, bosi?" Ulichosikia ni spika za dukani, ambazo hununui, na pengine sabufa iliyowekwa chini ya kaunta. Redio yenyewe bado. Mwombe asimamishe wimbo bila kugusa kitufe cha sauti, halafu sogeza sikio karibu na spika. Redio nzuri ikifika hapo hujui kama inawaka au imezimwa. Redio mbovu inachemka: shhh isiyokoma, na nyuma yake vijimlio vinavyobadilika kila maandishi ya kwenye kioo chake yanapobadilika. Mchemko huo utasafiri nawe chini ya kila wimbo, na hakuna fundi atakayeuondoa, kwa sababu umo ndani ya saketi.

Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza, na vipimo vingi vya maana vinavyofuata vinafanana nacho. Hufanywa muziki ukiwa umesimama.

Wengi wetu tunaingia kwenye ununuzi huu kwa sababu ya gari lililotoka Japani. Redio za kule zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, na baadaye yakaongezwa mpaka 95. Zetu zinaanza 87.5 na kuishia 108. Redio iliyokuja na IST au Premio yako inapata vituo vichache vya mwanzo tu, vingine vyote haivioni. Zile zenye ramani zina shida zaidi: ukichomoa betri, baadhi hujifunga na kudai kadi ya ramani ambayo ilibaki Yokohama. Mafundi wanakupa njia ya mkato, kidude wanachokiita ekspanda, kinachoshusha masafa yetu mpaka yaingie kwenye yale ya Kijapani. Kinafanya kazi, lakini namba zinazosomeka kwenye kioo si za kituo unachosikiliza, na kila kidude kinachowekwa kati ya antena na redio huongeza mikwaruzo. Tena muziki wako wa kwenye simu bado hauna pa kuingilia.

Njia nyingine ya mkato ni transmita ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, inayorusha muziki wa simu hadi redioni kwa FM. Siipendekezi kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa. Masafa ya miji hii yamejaa, kwa hiyo kila ukivuka mitaa kadhaa kituo fulani kinakuja kukalia wimbo wako. Hata pale hewa ilipo tupu, FM hukata sauti nyembamba zilizo juu ya kilohezi 15 na kuacha mchemko wake. Ukiwa na fedha kidogo sana, afadhali usubiri miezi michache ununue redio ya bei ya chini iliyo kamili.

Iliyo kamili maana yake nini? Iwe na njia tatu za kuingiza muziki: USB, Bluetooth na tundu la AUX la milimita 3.5. Kwa ubora wa sauti, ya kwanza ni USB, kwa sababu redio inasoma faili lenyewe na simu haina nafasi ya kuliharibu. AUX ni safi pia ukijua kuitumia: pandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho, kisha rekebisha ukubwa wa sauti kwa kitufe cha redio. Ukifanya kinyume, simu ikawa chini na redio ikawa juu, unakuza mchemko pamoja na muziki. Ila usinunue redio kwa ajili ya AUX peke yake, maana tangu Apple ilipoondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi zimefuata. Bluetooth ni raha ya safari na inatosha kwa masikio mengi.

Nenda dukani na flashi yako. Iwe na nyimbo ulizozizoea, katika mafolda, baadhi zikiwa MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde na moja mbili za WAV au FLAC. Nyimbo zilizopita WhatsApp mara tano ziache nyumbani. Angalia redio inachukua muda gani kuanza kusoma, kama inafuata mafolda, na ukizima na kuwasha inarudi pale wimbo ulipokatikia au inaanza upya kutoka wa kwanza. Hili la mwisho linaonekana dogo dukani, lakini katika foleni za Mandela Road, unapozima na kuwasha gari mara kadhaa, utalikumbuka. Redio nyingi za bei nafuu husoma flashi iliyopangwa kwa FAT32 tu. Flashi na kadi zinazozidi gigabaiti 32 mara nyingi huja zikiwa exFAT, na muuzaji anaweza kukwambia flashi yako ni mbovu kumbe redio ndiyo isiyojua kuisoma.

Sasa maandishi ya kwenye kasha. Kasha litasema wati 60 mara nne, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Geuza redio, tazama fyuzi iliyochomekwa mgongoni. Kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Gari linapounguruma umeme wake hufika kama volti 14.4, zidisha kwa ampea 10 unapata wati 144 kwa redio nzima, taa na kioo vikiwamo, na sehemu kubwa ya hizo hupotea kuwa joto. Wati 240 za kwenye kasha zitoke wapi? Amplifaya ya ndani ya redio za kawaida hutoa wati 18 hadi 22 kwa kila spika bila kukwaruza, iwe ya jina kubwa au isiyo na jina. Hizo zinatosha gari dogo. Kampuni inayoandika pembeni, kwa herufi ndogo, wati hizi za kweli imekuheshimu, na mimi humwamini zaidi muuzaji anayeweza kunionyesha mahali zilipoandikwa.

Mgongoni hapohapo gusa bati la kupozea. Liwe kipande kizito cha aluminiamu chenye mapezi, kilichokazwa kwa skrubu, si bati jepesi linalobonyea kwa kidole. Uzito wa redio nzima siku hizi unadanganya kidogo, kwa kuwa zisizo na CD ni fupi na nyepesi hata zikiwa nzuri. Tazama pia matundu ya kutolea sauti kwenda amplifaya ya nje; yakiwapo, yenye volti 2 au zaidi, una nafasi ya kuongeza sabufa baadaye bila kubadilisha redio. Kitufe cha sauti kiwe cha kuzungusha. Vioo vya kugusa vinapendeza, lakini kwenye barabara yenye mashimo kidole hakitui pale unapotaka, na macho yako yanahitajika mbele. Kuhusu majina bandia, soma herufi moja moja na ulinganishe namba ya kwenye kasha na ile iliyobandikwa kwenye mwili wa redio. Zisipolingana, ondoka.

Vipimo vya nafasi haviko sawa kwa magari yote. Redio moja ya kawaida ina upana wa karibu milimita 180 na kimo cha 50; zile za kimo mara mbili ni 100. Lakini nafasi ya redio katika dashibodi nyingi za Toyota ina upana wa milimita 200, kwa hiyo ukifunga redio ya kawaida zinabaki nyufa mbili pembeni. Vipo vipande vya plastiki vya kuziba. Fundi mzuri anavyo, tena anaikaza redio kwa skrubu kwenye vyuma vya pembeni vilevile vilivyoshika redio ya zamani, na haiachi ining'inie kwenye fremu ya mbele peke yake. Ukiibonya kwa kidole gumba kila pembe, isilie.

Hapa sasa tumefika kwa fundi, na mimi hutazama mkono wake unashika nini kwanza. Akishika koleo na kukata plagi za gari, msimamishe. Toyota nyingi za Japani zina plagi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na zipo plagi za kuunganishia zinazouzwa kwa bei ndogo sana, upande mmoja zinaingia za gari, upande wa pili zinaungwa na waya za redio mpya. Kazi yote ya kuunga hufanyika mezani, kwenye mwanga, si kwa kupapasa gizani nyuma ya dashibodi. Na siku ukiuza gari, redio ya zamani inarudi mahali pake bila waya hata mmoja kukatwa.

Rangi za waya za redio mpya karibu zote zinafuata desturi moja, na ni vizuri uzijue ili uangalie. Njano ni umeme wa kudumu wa kutunzia kumbukumbu. Nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa. Hizi mbili zikibadilishana, redio husahau vituo vyote kila uzimapo gari. Nyeusi ni ethi, na ikazwe kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi wala kutu. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika nne, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi ya kila moja. Hasi ya spika haiungwi na bodi ya gari kamwe, kwa kuwa redio za sasa hutuma umeme kwenye waya zote mbili za spika. Ukiigusisha bodi unaweza kuichoma amplifaya mpya kabla hujatoka gereji. Bluu ndiyo inayosahaulika. Magari mengi yana kikuza mawimbi kwenye antena, na bluu ndiyo inayokiwasha. Isipoungwa, FM inakuwa hafifu, halafu redio mpya inatukanwa bure.

Maungio yenyewe yachomwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, au yabanwe kwa viungio vyake kwa koleo maalumu. Kusokota waya na kuzungushia solotepu nyeusi hakufai katika nchi zetu: gari likishinda juani dashibodi inakuwa tanuri, gundi inayeyuka, tepu inafunguka, na waya zinabaki uchi zikigusana.

Kabla hujalipa, rudi kwenye ukimya. Washa injini, weka redio kwenye AUX au USB, simamisha wimbo, pandisha sauti kiasi, kisha kanyaga mafuta taratibu. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka kufuata mzunguko wa injini, ni umeme wa oltaneta unaingia kwenye sauti. Mara nyingi chanzo ni ethi mbaya, nayo irudiwe. Usikubali kuuziwa kichujio cha kufunika kosa. Sasa chomeka simu kwenye chaji ya gari huku ikiwa imeungwa AUX. Mluzi ukija hapo tu, kosa si la fundi: simu imepata ethi mbili kwa njia mbili tofauti. Chaji kutoka USB ya redio yenyewe, au hamia Bluetooth.

Halafu ndiyo ucheze muziki, na uchague wa kukusaidia kusikia. Mimi huanza na taarabu ya Zanzibar, ile ya kundi zima kama Culture Musical Club, kwa sababu fidla nyingi zikipigwa pamoja hugeuka ukelele wa bati kwenye redio duni, na kwenye nzuri unasikia mapinde yakivutwa. Kisha dansi la bendi ya Mlimani Park: magitaa yao yanajibizana, na kila moja lazima lisikike kwenye sehemu yake bila kumezwa na besi. Mwimbaji akae katikati ya dashibodi. Kama sauti yake imetawanyika na besi haina mwili, peleka sauti upande mmoja tu. Besi ikiongezeka badala ya kupungua, spika moja imeungwa kinyume. Singeli iwe ya mwisho, kwa ajili ya mapigo: kwa kasi ile kila pigo liishe kabla lijalo halijaanza.

Fedha ikibaki, isiende kwenye redio ghali zaidi. Iende kwenye spika mbili za mbele, maana za asili katika gari la umri huo ni karatasi iliyokauka. Soma unyeti wake kwa desibeli. Spika ya desibeli 91 kwa wati zilezile hupiga kwa nguvu ambayo ile ya 88 ingeipata kwa wati mara mbili, na kwa redio yenye wati 20 tofauti hiyo ni kubwa. Za nyuma zinaweza kungoja.

Bado kipimo kimoja, cha gari likiwa limezimwa na kufungwa. Mwambie fundi aweke mita kati ya betri na waya wake, asubiri dakika chache mifumo ilale, asome. Gari zima likila chini ya miliampea 50 ni salama. Baadhi ya redio zenye vioo vikubwa vya Android hazilali sawasawa: zikila miliampea 200, kwa siku moja ni ampea-saa 4.8, na betri ndogo ya ampea-saa 35 ukiliacha gari uwanja wa ndege siku tano itakuwa imepoteza 24. Stata haitazunguka. Tatizo hilo lionekane kwenye mita siku ya kufunga, redio ikiwa bado inaweza kurudishwa dukani.