Sikio la Bibi Kizee: Uundaji wa Viumbe wa Ajabu katika Simulizi ya Shing'weng'we, Vinyago vya Shetani na Kazi za George Lilanga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna viumbe wa ajabu wanavyoundwa katika simulizi ya Wasukuma ya Shing'weng'we, katika vinyago vya shetani vya Wamakonde na katika kazi za George Lilanga. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wetu umezoea kuuliza kiumbe wa ajabu anamaanisha nini kabla ya kuuliza ameundwaje. Makala yanapendekeza maswali matatu: kiumbe ameanzia kwenye kitu gani kinachojulikana, ni kiungo gani kimekuzwa, kimehamishwa au kuondolewa, na kiumbe huyo amewekwa umbali gani kutoka kwa mwanadamu wa kawaida. Inahitimishwa kwamba swali la tatu lina uzito wa kimaadili katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, ambako watu halisi wameuawa kwa sababu ya kutazamwa kama viumbe wa ajabu.

1.0 Utangulizi

Tabora ni mji uliokuzwa na wapitao. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 waliukuta tayari ni kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameizoea njia hiyo. Reli ilipofika mwaka 1912 mizigo ilihama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, lakini mji uliendelea kuwa mahali pa kukutana. Pamoja na pembe, chumvi na nguo, hadithi nazo zilisafiri. Hivyo basi, si ajabu kwamba mtoto anayekulia Kitete husikia habari za Nunda wa pwani na za Shing'weng'we wa Usukumani katika msimu mmoja, na pengine kwa msimulizi mmoja.

Mtafiti alisimuliwa habari za Shing'weng'we na bibi yake akiwa hapo Kitete. Aliuliza watu waliomezwa walikuwa wanapumuaje humo tumboni. Bibi akamjibu: "Mjukuu wangu, dunia nzima ilikuwa mle ndani. Hewa ingebaki nje ifanye nini?" Jibu hilo ndilo chimbuko la makala haya. Bibi hakusema kwamba Shing'weng'we ni mfano wa njaa au wa mtawala dhalimu. Alilipokea swali kuhusu mwili wa kiumbe kama swali la haki, akalijibu kwa kufuata kanuni za mwili huohuo.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Mikabala miwili inatumika hapa, kila mmoja kwa kiasi. Wa kwanza ni wa Tzvetan Todorov (1970), anayeiona fantasia kuwa ni hali ya kusitasita: msomaji hajui kama tukio lina maelezo ya kawaida au la. Mkabala huu unafaa kwa riwaya kama Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, ambamo msomaji huachwa njiapanda. Haufai sana kwa hadithi ya jioni. Mtoto anayeuliza juu ya pumzi hasitisiti; ameshaingia tumboni na anataka kujua mazingira ya humo.

Mkabala wa pili ni wa Viktor Shklovsky (1917), kwamba sanaa hukifanya kilichozoeleka kiwe kigeni ili kionekane upya. Mkabala huu unatufaa zaidi kwa kuwa unamlazimu mhakiki atazame umbo kwanza. Hata hivyo, unahitaji nyongeza kutoka katika Kiswahili chenyewe. Lugha hii ina zana za kuunda viumbe ndani ya sarufi yake: mtu akikuzwa huwa jitu, akidogoshwa huwa kijitu, na kisichotambulika huitwa dude. Methali isemayo "zimwi likujualo halikuli likakwisha" inampa zimwi upatanisho wa vitu, si wa viumbe hai, ingawa inampa pia ujuzi na hamu ya kula. Kabla mchongaji hajashika tezo, sarufi imekwisha kuonyesha kwamba kiumbe wa ajabu huzaliwa pale ngeli mbili zinapogongana.

3.0 Nunda na Shing'weng'we: Mwili Unaojengwa na Tendo

Hadithi ya Nunda imo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi za Zanzibar uliochapishwa mwaka 1870. Kiumbe huyo anaanza kama paka wa sultani. Paka anakula mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara watu wanapolalamika sultani hujibu kwamba paka ni wake na alivyokula navyo ni vyake. Ni baada ya paka kula wana wa sultani ndipo baba anapokubali kuwa huyo si paka tena bali ni Nunda. Ubora wa uundaji huu ni kwamba hakuna hatua hata moja ambapo paka anaota pembe. Kinachobadilika ni ukubwa wa alichokula na, mwishoni, jina. Tunajua kiumbe ameanzia wapi, tunaona kiungo kimoja tu, yaani tumbo, kikikua, na tunajua ni nani aliyekilea.

Shing'weng'we ameundwa kwa njia tofauti. Huyu hana mwanzo wa kawaida. Anapoingia katika simulizi ameshameza watu wote na mifugo yote, isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanamke huyo anamzaa Masala Kulangwa, ambaye jina lake limebeba neno masala, yaani akili. Mtoto anakua, anauliza watu wengine wako wapi, anamtafuta mla watu, anamuua na kumpasua tumbo. Watu na mifugo wanatoka wakiwa hai.

Katika usimulizi aliousikia mtafiti, Shing'weng'we hakupewa rangi wala idadi ya miguu au macho. Mhakiki anaweza kuuona huu kuwa upungufu. Makala haya yanauona kuwa uamuzi wa kisanaa. Kiumbe aliyemeza dunia nzima hana wa kumtazama, kwani waliopaswa kumweleza wako ndani yake, nao wanalijua tumbo tu. Simulizi inamweleza kutoka upande pekee ambako kuna mashahidi. Kwa sababu hiyo kila msikilizaji humchora mwenyewe, na hakuna mchoro wa mmoja unaoweza kuukosoa wa mwingine.

Kutokuwa na sura kuna matokeo mengine ambayo yatarejelewa katika sehemu ya 7.0: Shing'weng'we hawezi kufananishwa na jirani yeyote.

4.0 Vinyago vya Shetani: Mwili Unaojengwa na Mti

Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, anatajwa katika historia ya sanaa hii kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. Mtindo huo ulikua Dar es Salaam sambamba na mtindo wa ujamaa, ambamo watu wengi hupandana katika gogo moja. Ni rahisi kuuona mtindo wa ujamaa kuwa wenye ujumbe, na wa shetani kuwa wa kuwafurahisha watalii. Ni kweli kwamba wanunuzi wengi walikuwa wageni, lakini soko halielezi kwa nini kinyago kimoja kinamsimamisha mtazamaji na kingine kinampita.

Maelezo yanaanzia kwenye mpingo. Mti huu ni mgumu, moyo wake ni mweusi, ganda lake la nje ni jeupe, na mara nyingi gogo lake limepinda au lina uwazi. Mchongaji wa sanamu ya mtu wa kawaida huona kasoro hizo kuwa hasara. Mchongaji wa shetani huzifanya kuwa viungo: penye tundu panakuwa kifua, tawi lililopinda linakuwa mkono unaorudi na kushika kisigino, na doa jeupe linakuwa jicho. Mwili wa shetani haukutungwa hewani ukabandikwa mtini. Umetafutwa ndani ya gogo, na ndiyo maana hata ukiwa na jicho moja na mguu mmoja unasimama kwa uzito wake bila kuonekana kama kilema.

Hapa pana kipimo cha kutofautisha kinyago bora na kile cha haraka. Katika kinyago cha haraka, ajabu huongezwa: pembe mbili, meno, ulimi mrefu. Katika kinyago bora, ajabu hutokana na kuondolewa. Mtazamaji hufuata mkono kwa macho, hufika mahali ambapo bega lilipaswa kuwapo, na hukuta hewa. Jicho lake linamalizia kiungo kilichokosekana. Wasurialisti wa Paris, ambao ilani yao ya kwanza iliandikwa na André Breton mwaka 1924, waliitafuta ajabu katika ndoto. Mchongaji huyu anaipata katika nyuzi za mti, akiwa macho na tezo mkononi. Kumwita msurialisti ni kumsifu kwa sifa ya mtu mwingine.

5.0 George Lilanga: Shetani Mwenye Shughuli

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika eneo la Masasi na kufariki mwaka 2005. Alianza kama mchongaji, na baada ya kujiunga na Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970 alipanua kazi yake hadi uchoraji. Viumbe wake wana masikio makubwa, midomo iliyobenuka, matumbo yaliyotuna na vidole vichache kuliko vya binadamu. Wamejaa kwenye picha kiasi kwamba mandhari ya nyuma karibu haionekani.

Jambo la kuzingatia ni shughuli zao. Mashetani wa Lilanga wanabeba mizigo, wanacheza ngoma, wanabishana, wanalea watoto. Hawamtishi mtu kwa sababu hawana nafasi ya kumtisha. Katika kuhama kutoka kwenye mpingo kwenda kwenye rangi, kiumbe amepoteza uzito na upweke, akapata majirani. Hasara ipo: katika baadhi ya kazi masikio na midomo hurudiwa hadi kuwa kama muhuri, na umbo halimshangazi tena mtazamaji. Lakini zilizo bora zinafanikiwa kwa jambo gumu, yaani kuonyesha kwamba kiumbe wa ajabu anaweza kuchekwa pamoja naye bila kudhihakiwa. Anapokuwa na ndoo kichwani, tunaiona ndoo kwanza na masikio baadaye.

6.0 Ukuta wa Bayeye

Magharibi mwa Tanzania nako kulikuwa na uchoraji wa viumbe. Bayeye, yaani wanachama wa chama cha wacheza nyoka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, walichora ukutani ndani ya nyumba zao za chama. Hans Cory, mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizikusanya nakala za michoro hiyo na kuichapisha London mwaka 1953. Ngoma ya nyoka hadi leo huchezwa hadharani, chatu akiwa mikononi mwa mchezaji.

Makala haya hayaihakiki michoro hiyo kwa undani, na sababu yake ni ya kimbinu. Picha ya ukutani iliyokusudiwa kutazamwa na waliokubaliwa kuingia ndani ni kazi tofauti na nakala yake kwenye ukurasa. Nyumba ya udongo hukandikwa upya au huanguka. Tunachoweza kukisema kwa uhakika ni kanuni ya matumizi yake: aliyetazama picha hiyo alijua nyoka halisi, uzito wake na sumu yake. Ajabu ya ukutani ilijengwa juu ya ujuzi wa mwili hai. Kanuni hiyo inaafikiana na tuliyoiona kwa paka wa sultani na kwa gogo la mpingo.

7.0 Sikio la Bibi Kizee

Masala Kulangwa alipompasua Shing'weng'we, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, akataka kumdhuru kijana kwa uchawi. Kipengele hiki mara nyingi hurukwa katika muhtasari wa hadithi, kwa kuwa kinaharibu ushindi. Kwa maoni ya makala haya, ndicho kilele chake. Kiumbe asiye na sura amekufa, na mara hiyo hiyo anatokea mtu mwenye sura na alama mwilini, anayeweza kuchukua nafasi yake.

Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora, vikongwe wameuawa kwa miongo kadhaa kwa tuhuma za uchawi, wengi wakitajwa kwa macho mekundu, ambayo aghalabu ni matokeo ya moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino nao wameshambuliwa, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007. Tukilitazama hili kwa swali letu la tatu, tunaona kwamba "mchawi mwenye macho mekundu" naye ni kiumbe aliyebuniwa, na amebuniwa kwa mabadiliko madogo mno: bibi yuleyule, rangi ya jicho tu imepewa maana. Umbali kati yake na mwanadamu ni karibu sawa na sifuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Shetani wa mpingo hafanani na mtu yeyote kijijini. Shing'weng'we hana uso wa kufananishwa. Sanaa ya ajabu inapokwenda mbali vya kutosha, haimwachii mtu nafasi ya kumnyooshea kidole jirani.

Simulizi yenyewe ilikwisha kuliona tatizo hili. Katika masimulizi yanayofahamika zaidi, Masala Kulangwa hamuui bibi. Anamtafutia dawa na kumtibu sikio, na ni baada ya hapo watu wanamfanya mtawala. Kisu kilitosha kwa Shing'weng'we. Kwa bibi ilihitajika akili iliyomo katika jina la kijana.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba uhakiki wa vinyago utazuia mauaji. Yanadai jambo dogo zaidi: mhakiki anayekimbilia kusema kiumbe fulani "anawakilisha mchawi" anampa uso kiumbe ambaye msanii alimnyima uso kwa makusudi. Kuuliza kwanza kiumbe ameundwaje ni kuheshimu kazi ya msanii na pia ni tahadhari. Tafiti zijazo ziwaulize wasimulizi wa Kitete na kwingineko maswali ya mwili: anapumua wapi, anakula nini, ni nani amebaki nje. Bibi alilijibu swali la pumzi bila kusita, na bila kumtaja jirani yeyote.