Riyadh hadi Jeddah: Kilomita Hazitoshi Kueleza Saa

Ukipima mstari ulionyooka juu ya mviringo wa dunia, kutoka uwanja wa King Khalid wa Riyadh hadi ule wa King Abdulaziz wa Jeddah, unapata takriban kilomita 850. Ndege kama Airbus A320 ikishafika juu hukata anga kwa kasi ya kilomita 830 hivi kwa saa. Ukigawanya, safari ni ya saa moja na dakika chache. Tiketi lakini huonyesha karibu saa 1 na dakika 50, wala tofauti ya majira haihusiki, kwani Saudi Arabia nzima hufuata saa moja, ileile ya Nairobi na Dar es Salaam. Kosa limo katika kugawanya kwenyewe: kasi ile ya juu haishiki hata nusu ya muda wa safari.

Saa ya ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa tena. Kutembea ardhini kabla ya kuruka kunaweza kuchukua dakika 15, na baada ya kutua 10, maana viwanja hivi vilivyofunguliwa miaka ya 1980 ni vikubwa mno. Kupanda huchukua kama dakika 20, na ndani yake ndege huwa imesogea kilomita 200 tu na ushei. Kushuka huchukua dakika 25 kwa umbali kama huo. Zinabaki kilomita 420 hivi za mwendo kamili, yaani nusu saa. Jumla ni dakika 100, kabla ya kupanga foleni ya kutua. Njia hii ni miongoni mwa zenye safari nyingi zaidi za ndani ya nchi duniani, kwa hiyo foleni ni jambo la kutarajiwa.

Yupo atakayesema mashirika huongeza dakika ili yaonekane yanawahi. Huongeza kweli, lakini hesabu hapo juu inaonyesha kwamba nyongeza ni sehemu ndogo. Mwingine atataja upepo, na ana haki, kwa sababu majira ya baridi upepo wa juu huvuma kutoka magharibi. Tuchukue upepo wa kilomita 100 kwa saa: zile kilomita 420 zitachukua dakika 35 kuelekea Jeddah na 27 wakati wa kurudi. Dakika nane zina uzito kwa rubani anayepima mafuta, ila hazielezi pengo la dakika 50.

Mgawanyo huu wa safari una maana kubwa kwa anayetoka Riyadh kwenda umra. Mikati yake, yaani mpaka asiopaswa kuuvuka kabla ya kutia nia ya ibada hiyo, ni Qarn al-Manazil, upande wa Taif, kama kilomita 130 kabla ya uwanja wa Jeddah. Kwa kuwa kushuka huanza zaidi ya kilomita 200 kabla ya kutua, ndege hufika usawa wa mikati ikiwa tayari inateremka, na muda wa abiria kufunga mikanda umekaribia au umeshafika. Mwanamume anayesubiri hadi hapo ndipo akabadilishe nguo amechelewa. Avae ihramu kabla ya kupanda ndege, abakize nia tu ya kuitia akifika usawa huo.