Mpango wa kumkinga mbwa au paka usiitwe bima

MAJUZI nilisoma tangazo la kliniki moja ya mifugo jijini Nairobi iliyokuwa ikiwanadia wenye mbwa na paka kile ilichokiita ‘bima ya afya’. Ukisoma masharti, unakuta kwamba mteja hulipa ada kila mwezi, naye mnyama wake hupata chanjo, dawa ya minyoo, kinga dhidi ya viroboto na kupe, pamoja na uchunguzi wa kawaida. Basi, hakuna lingine.

Je, hii ni bima? Hasha!

Kisemantiki, dhana ya bima imejengwa juu ya janga lisilotarajiwa. Tunasema mtu amekata bima ya gari kwa sababu hajui kama atapata ajali, wala lini. Wengi huchanga, wachache waliofikwa na hasara hufidiwa. Chanjo ya kila mwaka haina fumbo hilo. Wakati wake unajulikana. Anayeilipia mwezi baada ya mwezi analipia huduma polepole tu. Nchini Uingereza, ambako mipango ya aina hii imeenea, mwenye mbwa anaweza kuwa na vyote viwili: mpango wa kinga katika kliniki na bima kutoka kwa kampuni ya bima. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kosa hili si dogo. Mkenya aliyezoea NHIF, na sasa SHA, anajua kwamba bima ya afya humsaidia mgonjwa aliyelazwa. Mbwa wake akigongwa na bodaboda usiku, atamkimbiza kliniki akiamini mambo yako sawa. Kumbe upasuaji ataulipia kutoka mfukoni! Hapo ndipo atakapojifunza maana ya neno, na huenda asirudi tena hata kwa chanjo.

Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu kila mara, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo kufikia mwaka wa 2030. Mpango unaomkumbusha mwenye mbwa tarehe ya chanjo na kumpunguzia uzito wa malipo ya mkupuo mmoja ni wa manufaa makubwa. Hauhitaji jina la kuazima ndipo uuzike.

Kiswahili hakijakosa maneno ya kuueleza. Tunayo siha, matunzo na kinga. Mimi ningependekeza ‘mpango wa kinga’, kwa sababu unataja hasa kinachouzwa, na kila Mkenya ameshasikia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kisha chini ya jina hilo, kwa herufi zinazosomeka, kliniki iongeze sentensi moja: mpango huu haulipii ajali wala maradhi ya ghafla. Mteja akishalijua hilo kabla ya kutoa pesa, uamuzi ni wake.