Vivumishi vya Kiingereza na Vihusishi Vyake: Mantiki, Desturi na Kazi ya Kamusi

Mwanafunzi Mswahili aweza kujua barabara maana ya 'different', 'married' na 'afraid', na hata hivyo akaharibu sentensi pindi atakapoyatumia. Kosa lake halimo katika maneno hayo. Limo katika neno dogo linaloyafuata, ambalo aghalabu hakufundishwa pamoja nayo. Anayesahihisha hupiga mstari mwekundu, huandika kihusishi kingine juu yake, na kuendelea. Kwa nini kiwe hiki na si kile, mara nyingi haelezi. Na pengine mwenyewe hajui. Jambo hili lastahili kuchunguzwa na watunga kamusi na walimu wa lugha zote mbili, maana njia zinazotumiwa kulieleza hazina nguvu sawa.

Njia ya kwanza ni ya wale wanaotafuta sababu katika mantiki au asili ya neno. Mfano wao mashuhuri ni 'different'. Husema kwamba neno hili lina maana ya kutengana, na kitenzi chake 'differ' hufuatwa na 'from'. Basi kivumishi nacho hakina budi kufuatwa na 'from', na anayesema 'different to' amekosea. Hoja hii yavutia, lakini matumizi ya Waingereza wenyewe hayaithibitishi. H. W. Fowler, katika A Dictionary of Modern English Usage kilichotoka mwaka 1926, aliihesabu imani hiyo kuwa ushirikina mtupu. 'Different to' imetumiwa Uingereza kwa karne nyingi, na 'different than' ni ya kawaida Marekani, hasa inapofuatwa na kishazi kizima. Pale ambapo mwenye 'from' hulazimika kusema 'different from what it was', mwenye 'than' husema tu 'different than it was'. Kila moja ina mahali pake, ingawa 'from' ndiyo inayokubalika kila mahali katika maandishi rasmi.

Udhaifu wa hoja ya asili huonekana zaidi kivumishi kinapolinganishwa na jina au kitenzi cha jamaa yake. 'Proud' hufuatwa na 'of', hali 'pride' hufuatwa na 'in'. 'Confident' huchukua 'of' na 'confidence' huchukua 'in'. Kitenzi 'envy' hakihitaji kihusishi chochote, lakini 'envious' hakikamiliki bila ya 'of'. Iwapo kihusishi kingekuwa urithi wa ukoo wa neno, tofauti hizi zisingekuwako.

Njia ya pili ni ya wale wasemao kwamba hapana kanuni yoyote, na kwamba mwanafunzi hana la kufanya ila kukariri orodha. Maneno haya yana sehemu ya ukweli. 'Fond', 'keen', 'interested' na 'enthusiastic' yakaribiana sana kimaana, yote yakieleza mwelekeo wa moyo wa mtu kwa kitu. Lakini la kwanza hutaka 'of', la pili 'on', la tatu 'in', na la nne 'about'. Hapana mantiki itakayomwezesha mgeni kuyabashiri hayo manne. Walakini kukataa utaratibu wote ni kuvuka mpaka, kwa maana mara nyingi kihusishi ndicho kinachobeba maana yenyewe. Mtu aliye 'good at' jambo ni hodari wa jambo hilo; chakula kilicho 'good for' mtu humfaa kwa afya; aliye 'good to' wenzake huwatendea wema; na aliye 'good with' watoto ajua namna ya kukaa nao. Kadhalika, 'tired from' hutaja kazi iliyomchosha mtu mwili, lakini 'tired of' hueleza kwamba jambo limemkinai. 'Angry with' humtaja aliyekasirikiwa, na 'angry about' hutaja jambo lililoleta hasira. 'Angry at' husikika kwa yote mawili. Anayekariri orodha yenye kihusishi kimoja kwa kila neno hupoteza maana hizi zote.

Tena orodha haionyeshi mwendo wa maneno haya ndani ya sentensi. Kihusishi hudumu na kivumishi chake hata linapoondoka jina lililokifuata: 'What are you afraid of?' ndiyo kauli ya kila siku. Lakini kihusishi hicho hicho hutoweka mbele ya kishazi kinachoanzia na 'that': 'aware of the danger', bali 'aware that there is danger'. Mbele ya kitenzi, uchaguzi huweza kugeuza maana: aliye 'afraid to jump' hathubutu kuruka, lakini aliye 'afraid of falling' ana hofu tu kwamba huenda akaanguka. 'Used to' ni mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa 'he used to wake early' yahusu desturi iliyopita, na 'he is used to waking early' yahusu mazoea aliyo nayo. Katika sentensi ya pili 'to' ni kihusishi, na kitenzi kinachofuata hakina budi kuishia na 'ing'. Na 'worth' huchukua jina moja kwa moja, pasipo kihusishi chochote.

Kwa msemaji wa Kiswahili, ugumu huu una chanzo kinachoweza kuonyeshwa waziwazi. Kiswahili kina vihusishi vichache, na kazi kubwa ya kuunganisha hufanywa na kitenzi. Penye 'afraid of' Mswahili husema 'kuogopa'. Penye 'used to', 'kuzoea'. Penye 'full of', 'kujaa', kama katika 'mtungi umejaa maji'. Pote hapo hakuna neno la katikati. Kwingine uhusiano hubebwa na kauli ya kutendea: 'amemkasirikia ndugu yake', 'anajivunia mwanawe'. Na panapohitajika kiungo, neno moja hutumika mahali pengi. 'Tofauti na' yatosha kwa 'from', 'to' na 'than'. Kwa hiyo anayeandika 'different with' au 'married with' hakubahatisha: amefuata 'na' ya 'tofauti na' na ya 'kuoana na', akachagua kihusishi cha Kiingereza ambacho kwa kawaida hulingana nayo. Vilevile 'good in mathematics' yatokana na 'hodari katika hesabu'. Makosa haya yana utaratibu. Na kosa lenye utaratibu laweza kuzuiwa kabla halijatendeka.

Hapa ndipo njia ya tatu inapozishinda mbili za kwanza, nayo ni ya kulichukua kundi zima kama kitu kimoja cha kufundishwa. A. S. Hornby na wenzake, waliotunga kamusi yao Japani kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, iliyochapishwa mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford mwaka 1948, walianza kwa kuuliza mwanafunzi anahitaji nini ili atunge sentensi. Kitabu cha Hornby cha mwaka 1954, Guide to Patterns and Usage in English, kiliendeleza kazi hiyo kwa kupanga mifumo ya sentensi. Mwaka 1986 ilitoka The BBI Combinatory Dictionary of English ya Morton Benson, Evelyn Benson na Robert Ilson, ambayo huandika kivumishi pamoja na vihusishi vyake.

Vitabu hivyo, hata hivyo, viliandikwa kwa wanafunzi wa mataifa yote, wala havikuweza kujua kwamba 'na' ndiyo itakayompotosha Mswahili. Kazi hiyo ni ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Kamusi inayotoa 'tofauti' mbele ya 'different' na kuishia hapo imemsaidia msomaji wa Kiingereza. Mwandishi wake imemwacha njiani. Inafaa iongeze 'different from: tofauti na', itaje kwamba 'to' na 'than' hutumika pia na wapi, na ionye juu ya 'with'. Chini ya 'good' iweke makundi manne, kila moja na tafsiri yake, maana hapana neno moja la Kiswahili litakaloyatosha yote. Nafasi itakayotumika si kubwa, kwani vivumishi vya aina hii vinavyotumika kila siku vyaweza kuhesabika.

Msahihishaji naye ana wajibu. Ni haki kumkosoa aliyeandika 'married with' akimtaja mume au mke. Bali kumnyima alama aliyeandika 'different to' ni kumwadhibu kwa kauli ambayo Waingereza wenyewe huitumia. Mtihani unaochanganya makosa hayo mawili haupimi ujuzi wa Kiingereza. Hupima kama mtahiniwa amefundishwa ushirikina ule ule aliofundishwa msahihishaji wake.